Kimya Alichokitafuta Kisilu Mutiso

Pasta Gachau na wazee wa kanisa, jamaa zetu wa Ngoliba, majirani wa Landless, na ninyi wenye mitambo ya sauti mliotoka Ruiru, Juja na Thika mjini, mimi ni Wavinya, dada mdogo wa marehemu, mwalimu mstaafu, na familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yetu Kisilu Mutiso, wakisema kwamba mimi bado nina sauti ya darasani, ingawa leo sauti hiyo haina kazi kubwa, maana maiki hii ni yake, spika hizi ni zake, na jenereta inayonguruma nyuma ya hema ni ile aliyoisafisha kwa mikono yake miaka yote. Kama kuna mtu huko nyuma hanisikii, na ainue mkono, kama mlivyozoea kumwinulia yeye.

Kisilu alizaliwa Jumapili, tarehe 12 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge hapa karibu na Ngoliba, akiwa mvulana wa kwanza wa marehemu Mzee Mutiso Ndambuki na marehemu mama yetu Mbithe, na nyumba yetu ilikuwa imepakana na mashine ya kuchuna mkonge, mashine iliyoanza kulia asubuhi kabla watu hawajanawa uso na kunyamaza jioni. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alilala vizuri mashine ikilia na kuamka akilia yeye mashine iliponyamaza, na wanawake wa jirani walicheka wakasema huyu ameolewa na kelele tangu utotoni. Walikuwa wanatania, lakini ndoa hiyo ilidumu zaidi ya walivyodhani.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Ngoliba kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akafaulu vizuri, lakini karo ya sekondari haikupatikana kwa sababu tulikuwa wengi, basi mwaka 1976 akapelekwa chuo cha ufundi Thika kujifunza umeme, na mwaka 1978 akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo mjini humo, kitengo cha kufuma. Wale waliofanya kazi kule wanajua kwamba mle ndani mtu hawezi kusikia hata jina lake, hivyo watu walikuwa wakizungumza kwa mikono na midomo, na Kisilu alikuwa akirudi nyumbani mwisho wa mwezi bado anatuonyesha kwa vidole kwamba anataka chumvi. Ni katika kitengo hicho ndipo alipomtongoza Kanini, aliyekuwa akikagua vitambaa upande wa pili wa mitambo, na wifi yangu amesema kwa miaka arobaini kwamba hajui kama siku ile alikubali kuolewa au alikubali kuletewa chai. Wakafunga ndoa kanisani Thika Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1984, wakahamia mtaa wa Landless, wakajaliwa watoto wawili, Mutiso aliyezaliwa mwaka 1986 na Dianah Mbithe aliyezaliwa mwaka 1990, ambao mnawaona wamekaa hapa mbele na mama yao.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1996, na wengi walirudi kulima, lakini Kisilu alinunua amplifaya iliyotumika, honi mbili na nyaya, akazitengeneza kwenye meza ya kulia chakula hadi Kanini akawa anawapakulia watoto chakula sakafuni, na mwaka 1997 akaanza kazi ambayo ninyi nyote mnamjua nayo. Hakuna familia nyingi kati ya Thika na Ruiru ambazo hazijamzika mtu kwa mitambo ya Kisilu. Alikuwa akifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, akisimama pembeni ya hema akiwa amekunja mikono, macho yake yakiwa kwa watu wa nyuma kabisa, kwa sababu aliamini kwamba mama mzee aliyekaa nyuma kabisa kando ya mahindi amekuja kumlilia mtu wake kama wale waliokaa kwenye viti vya mbele, na ana haki ya kusikia. Mkono mmoja ukiinuka huko nyuma, Kisilu alikuwa ameshagusa kitufe.

Lakini kazi hiyo ilimshika kama mtego, na leo nitasema hivyo waziwazi, kwa sababu tulikuwa tukimsifu tu. Ijumaa na Jumamosi alikuwa makaburini, Jumapili alikuwa nyuma ya amplifaya kanisani, Jumatano kulikuwa na mikutano ya injili, simu yake ililia akila na ikalia akioga, na hakuna aliyewahi kumpigia kumuuliza hali yake, bali kumuuliza kama yuko huru Jumamosi ijayo. Aliwasikilizisha watu sala za kila aina kwa miaka mingi, na aliniambia siku moja jikoni kwangu kwamba yeye mwenyewe akifumba macho kuomba, kitu cha kwanza anachofikiria ni kama nyaya zimeshika.

Mwaka 2014 mlio ulianza masikioni mwake, mwembamba, kama sufuria ya chai inapokaribia kuchemka, na sufuria hiyo haikuepuliwa tena. Daktari wa Thika alimweleza kwa upole kwamba mishipa ya masikio imechoka kwa kelele za miaka mingi, tangu mitambo ya kufuma hadi spika, na kwamba dawa ya kuuondoa mlio huo haipo, ajifunze kuishi nao. Sisi tulidhani atapata nafuu akikaa mahali patulivu, tukamleta hapa Ngoliba apumzike, tukawanyamazisha watoto, tukafunga hata mbwa, na ikawa kosa kubwa, kwa sababu kadiri mahali palivyokuwa kimya ndivyo mlio ulivyozidi kupanda, hadi asubuhi ya pili alichukua begi lake akarudi mjini bila kuaga. Basi kelele ilimuumiza na kimya kilimuumiza, na kati ya hivyo viwili hapakuwa na mahali pa kukaa. Akaanza kupungua mwili, akawa mkali kwa watoto, naye hakuwahi kuwa mkali.

Julai mwaka 2017 alikuwa ametoka kwenye mazishi huko Theta, upande wa Ruiru, akiwa na Calvince, mshirika wake katika biashara, ambaye ndiye mnayemwona ameketi karibu na jenereta, pikapu ikachemka injini njiani, na Kisilu akachukua mtungi akashuka kupitia shamba la kahawa kutafuta maji mtoni. Kulikuwa na ukuta wa zamani wa mawe uliojengwa kuuzuia mto kwa ajili ya kiwanda cha kahawa kilichokufa zamani, na maji yalikuwa yakipita juu ya ukuta huo na kuanguka upande wa chini, si kwa kishindo, kwa mfululizo tu. Calvince alingoja hadi akachoka, akamfuata, akamkuta ameketi juu ya ukuta, viatu amevua, mtungi umejaa kando yake, naye analia wazi kama mtoto. Sauti ile ya maji ilikuwa imeufunika mlio wote, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu ndugu yetu hakuwa akisikia sufuria yoyote.

Tangu siku hiyo akawa anakwenda Theta kila alipoweza kuchomoka, alasiri moja kwa wiki, mara nyingine mbili, akiizima simu na kuiacha ndani ya pikapu, akiketi pale ukutani na miguu majini. Alinieleza baadaye kwamba mwanzoni alikuwa akienda kupumzisha masikio tu, lakini baada ya miezi michache aligundua kuwa anaomba bila kuwa ameanza kuomba, na kwamba ni mahali pekee duniani ambapo hakuhitaji kuangalia kama walio nyuma wanasikia. Alirudi nyumbani akiwa na njaa. Alianza tena kuwatania watoto wa Dianah. Kanini anasema alisikia mumewe akiimba bafuni, vibaya sana, naye akamshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa, watu wa Landless mnajijua, na sisi wa Ngoliba hatuna tofauti na ninyi, mwanamume anayezima simu alasiri na kurudi amefurahi anajulikana ametoka wapi. Maneno yalitembea, kwanza sokoni, halafu katika kikundi cha akina mama, na mwisho yakafika kwa Kanini yakiwa yamenenepa, kwamba Baba Mutiso ana mke mdogo Ruiru na kwamba mke huyo ana mtoto. Kanini hakuuliza mtu, alipanda boda akaifuata pikapu, akaiona imeegeshwa, akashuka kwenye kahawa na khanga yake imefungwa kiunoni kwa vita, akamkuta mume wake peke yake juu ya ukuta na suruali ameikunja hadi magotini. Akamuuliza anafanya nini pale, naye akamjibu kwamba anasikiliza maji.

"Maji yanasema nini?"

"Hayasemi kitu, Mama Mutiso. Ndiyo maana nakuja."

Wifi yangu akavua viatu akaketi kando yake, na wakakaa hadi jua likapungua, na ameniruhusu niseme hapa kwamba hiyo ndiyo alasiri anayoitaja akiulizwa siku ya harusi yake ilikuwa lini.

Lakini maneno ya watu hayakuisha kwa sababu Kanini ameona, na jina la mzee wa kanisa, kama alivyokuwa Kisilu, ni jina la kanisa, kwa hiyo ikaamuliwa, kwa nia njema kabisa, kwamba Kisilu asimame atoe ushuhuda na jambo hilo lizikwe. Jumapili, tarehe 10 Machi 2019, alitoka nyuma ya amplifaya, akashika maiki ambayo alikuwa amewashikia wengine maisha yake yote, akasema Bwana asifiwe, akasema hana mwanamke Ruiru wala kwingineko, akaeleza juu ya mlio, na ukuta, na maji ya Theta, na jinsi Mungu alivyomkaribia pale bila mtu kusema neno. Watu walilia, Pasta Gachau mwenyewe alilia, kanisa zima likasimama na kumpigia makofi, na yeye akarudi mahali pake akiamini kwamba mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Sisi watu wa kanisa tukisikia kwamba Mungu ameonekana mahali, hatuwezi kumwacha hapo peke yake. Jumapili iliyofuata mabasi mawili yalikwenda Theta, ilipofika Pasaka hema lilikuwa limesimama kando ya ukuta, na bango limeandikwa kwamba hapo ni mahali pa maombi, na nyimbo zikaimbwa hadi ndege wakahama, na kwa kuwa mahali penye watu wengi panahitaji mitambo, kamati ilimpigia simu mtu iliyemwamini kuliko wote. Calvince alimwambia akatae, aseme mitambo imeharibika, lakini Kisilu alikuwa mzee wa kanisa, na watu hao walikuwa wamemtetea, na walikuwa na furaha, na hakuona ni kwa maneno gani mtu angewaambia ndugu zake katika Kristo kwamba wamemnyang'anya Mungu wake kwa kumpenda. Akapeleka honi. Akazifunga kwenye mti wa pale mtoni kwa mikono yake mwenyewe, akasimama pembeni akawaangalia walio nyuma, na maji yalikuwa yakianguka hatua chache kutoka alipo wala hakuyasikia. Kanini alikuwa ameketi kwenye viti vya akina mama siku hiyo, na anasema hakuomba, alikuwa akiangalia tu mgongo wa mume wake.

Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa, makanisa yakafungwa, mazishi yakawa ya watu wachache bila spika, biashara ikalala, na wakati wote mlipokuwa mkilia kwamba mmefungiwa, ndugu yangu alikuwa amefunguliwa. Alikwenda Theta hema likiwa limekunjwa na bango limeanguka kwenye majani, akiwa na Kanini na chupa ya chai, na wote wawili waliona haya kuwa na furaha mwaka ule, wakaificha kama watu wanaokula mahali penye njaa. Mwaka 2021 milango ikafunguliwa, kahawa ikang'olewa, ploti zikauzwa, kanisa likajenga jumba la mabati kando ya mto, na Kisilu akaitwa kufunga spika za kudumu, na akaenda akazifunga. Baada ya hapo hakutafuta mahali pengine. Kanini alipomuuliza kwa nini, alisema kwamba akipata pengine atalazimika kuwa mwongo, kwa sababu atakuwa anaficha.

Tarehe 4 Septemba 2024 alipatwa na kiharusi akiwa dukani kwake Ruiru, alikokuwa akitengenezea mitambo, na Calvince akamkimbiza hospitalini Thika, ambako madaktari waliokoa maisha yake, lakini upande wa kulia haukurudi, na tangu wakati huo alikuwa mtu wa kitanda katika chumba chao cha Landless, dirisha likiwa upande wa barabara, jirani wa juu akiwa na redio, mlio ukiwa ndani ya kichwa, na miguu isiyoweza kumtoa hapo. Huo ndio mtego wake wa mwisho na ulikuwa mdogo kuliko yote. Hakulalamika, lakini mtu aliyemjua angeona jinsi alivyokuwa akiyahamisha macho ukutani, kona hadi kona, kama anatafuta pa kutokea.

Ni Kanini aliyepata njia. Alileta beseni mbili na jagi kando ya kitanda, akaanza kumimina maji kutoka juu, polepole, kwa mfululizo, jagi likiisha anachota tena kwenye beseni anamimina, na Kisilu akageuza kichwa upande wa maji, na uso wake ukalegea, akalala. Akawa anafanya hivyo kila siku mchana, na mkono ukimchoka anabadilisha, na Dianah akija anampokea, na Mutiso pia, na mimi mwenyewe nimemimina maji hayo, na ninawaambia si kazi nyepesi, lakini sijawahi kuwa karibu na Mungu kama nilivyokuwa na jagi lile mkononi. Alituomba kitu kimoja tu wakati huo, kwa maneno aliyoyavuta moja moja, kwamba siku akizikwa asizikwe kwa spika, na Kanini alimshika mkono ule mzima akamwambia ndiyo.

Alirudishwa hospitalini tarehe 14 Juni 2025 kwa sababu ya kifua, na kwenye wodi yenye vitanda vingi wauguzi walimruhusu Kanini aingie na bakuli na kikombe, na alasiri ya Alhamisi, tarehe 19 Juni, akiwa anamimina, pumzi ya mume wake ilikwenda ikawa ndogo ikaisha, na yeye aliendelea kumimina hadi kikombe kilipoisha, ndipo akamwita muuguzi.

Sasa mtaniuliza kwa nini nazungumza kwa maiki. Kamati ya mazishi ilipokutana, wenye mitambo wenzake wa Ruiru walikuwa wamejitolea kuleta spika zao zote, ili aliyewapa wengine sauti asiondoke kimya kama mtu asiye na watu, na Pasta Gachau aliona vivyo hivyo, na nyumba ilijaa mapenzi hadi hakukuwa na nafasi ya kupumua. Kanini aliwasikiliza wote wakamaliza, halafu akasema maneno ambayo nimeagizwa niyasome kama yalivyo.

"Mlimfuata mtoni, nami nikanyamaza. Msimfuate na huko."

Pasta akasema itakuwa kama alivyotaka mwenye msiba, na aliomba jambo moja, kwamba historia hii isomwe kwa spika ili kila aliyekuja ajue sababu, mpaka wa mwisho kabisa, kisha mitambo izimwe. Nimeona haya kumshukuru pasta kwa jambo dogo kama hilo, lakini namshukuru, kwa sababu halikuwa dogo kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Thika waliomhudumia ndugu yetu tangu Septemba, na hasa wale waliopanguza sakafu ya wodi bila kumkemea mtu, inawashukuru majirani wa Landless waliochota maji wakati mifereji ilipokauka ili jagi lisikose, inamshukuru jirani wa juu aliyeizima redio yake bila kuombwa, inawashukuru wenye mitambo ambao wamekuja leo mikono mitupu, jambo ambalo tunajua ni gumu kwao kuliko kubeba spika, na inamshukuru Calvince, ambaye ataendesha kazi hii baada yake.

Tukimaliza hapa, ndugu yetu atashushwa kaburini bila wimbo na bila hotuba, Pasta Gachau ataomba kwa sauti yake ya kawaida, na wifi yangu ana jagi lake pale, msimshangae. Ninyi mlio huko nyuma, mtakapoona hamsikii kitu, tafadhali msiinue mikono.

Kisilu, mwana wa Mutiso, mlio umekwisha, hakuna Jumamosi nyingine, pumzika sasa kwa amani.

Calvince, zima jenereta.